Elfu tano za ziada kila mwezi: pensheni ya kibinafsi, bima, MMF au sacco?

Kila mwaka ikifika Novemba, meza yangu katika ofisi ya mishahara hugeuka kuwa kituo cha ushauri. Mmoja anakuja na karatasi aliyoachiwa na ajenti wa bima. Mwingine ana ujumbe kwenye simu unaomwambia apunguze kodi kabla mwaka haujaisha. Wa tatu amesikia ndani ya matatu kwamba pensheni ya kibinafsi ni pesa ya bure kutoka kwa serikali. Swali lao ni moja: nina elfu tano naweza kuweka kando kila mwezi, niziweke wapi ili KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wanikate kidogo?

Nami huwajibu kwa maswali matatu, ambayo mwuzaji huwa hana haraka ya kuyauliza. Shilingi yako ya mwisho inakatwa kodi kwa kiwango gani? Umebakiza nafasi kiasi gani chini ya kikomo cha sheria? Na pesa hizi utazitaka lini? Asiyeyajibu hayo anaweza kufungia pesa zake miaka 20 kwa ajili ya nafuu ya shilingi mia saba.

Sheria inavyohesabu

Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya 2024, iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024, ilipandisha kiasi cha mchango wa pensheni kisichotozwa kodi kutoka Sh20,000 hadi Sh30,000 kwa mwezi, yaani Sh360,000 kwa mwaka. Matangazo mengi huishia hapo. Lakini Sh30,000 ni kimoja tu kati ya vipimo vitatu, na kinachotumika ni kile kilicho kidogo kuliko vyote: kiasi ulichochanga kwa kweli, asilimia 30 ya mapato yako yanayohesabiwa kwa pensheni, au hizo Sh30,000. Anayelipwa Sh60,000, na mshahara wote uwe unahesabiwa kwa pensheni, kikomo chake ni Sh18,000, hata bango liseme nini.

Jambo la pili ambalo watu hulisahau ni kwamba mchango wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, umo ndani ya kikomo hichohicho. Sheria ya NSSF ya 2013 inapandisha makato hatua kwa hatua. Mwaka wa tatu, ulioanza Februari 2025, mshahara wa juu unaohesabiwa ulikuwa Sh72,000. Mwaka wa nne, kuanzia Februari 2026, ni Sh108,000. Kwa asilimia 6, mtu wa mshahara mkubwa anatoa Sh6,480 kwa NSSF kabla hajagusa mpango mwingine wowote. Kama mwajiri ana mpango wake wa pensheni, makato yako ya huko nayo yanakula nafasi ileile.

Kisha kuna mafungu ya kodi yenyewe. Tangu Julai 2023, Sh24,000 za kwanza kwa mwezi zinatozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, na kutoka hapo hadi Sh500,000 ni asilimia 30. Kati ya Sh500,000 na Sh800,000 ni asilimia 32.5, na zaidi ya hapo 35. Mwishoni kila mtu anapunguziwa Sh2,400, ile nafuu ya kila mlipakodi. Ukipiga hesabu utaona kwamba Sh2,400 ndizo hasa asilimia 10 ya Sh24,000. Kwa hivyo mtu ambaye mapato yake ya kutozwa kodi hayavuki Sh24,000 halipi PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, hata senti. Huyo hana kodi ya kuokoa, na atakayemuuzia pensheni kwa jina la kuokoa kodi anamuuzia mwavuli ndani ya nyumba.

Watu watatu, majibu matatu

Tuanze na anayelipwa Sh30,000. NSSF inachukua Sh1,800, bima ya afya ya SHIF kwa asilimia 2.75 inachukua Sh825, na ada ya nyumba kwa asilimia 1.5 inachukua Sh450. Siku hizi zote tatu zinatolewa kabla ya kodi kuhesabiwa. Zinabaki Sh26,925. Kodi yake, baada ya ile nafuu ya Sh2,400, ni Sh731. Akiweka Sh2,925 kwenye pensheni ya kibinafsi, hiyo kodi yote inafutika. Akiweka Sh5,000, bado anaokoa Sh731 zilezile, na Sh2,075 za juu hazimletei nafuu yoyote. Akitaka kuondoa kodi yote, Sh2,925 zinamtosha, ziada aiweke mahali anapoweza kuifikia. Tena nakiri kwamba mtu wa mshahara huu ambaye hana akiba ya dharura, mimi humwambia pensheni ingoje kidogo. Mtoto akiugua usiku, cheti cha pensheni hakilipii dawa.

Wa pili analipwa Sh60,000. NSSF ni Sh3,600, SHIF Sh1,650, ada ya nyumba Sh900. Mapato ya kutozwa kodi ni Sh53,850, na PAYE yake inakaribia Sh8,538. Akichanga Sh5,000 kwenye pensheni ya kibinafsi, PAYE inashuka hadi Sh7,038. Ameokoa Sh1,500. Mkononi anapungukiwa na Sh3,500, ila kwenye akaunti yake ya uzeeni zimeingia Sh5,000 kamili. Na nafasi anayo tele, kwa sababu kikomo chake ni Sh18,000 na ametumia Sh8,600 tu. Huyu ndiye mtu ambaye hesabu hii inamkaa sawasawa.

Wa tatu analipwa Sh200,000 na mwajiri wake ana mpango wa pensheni unaomkata asilimia 5, yaani Sh10,000. Ukijumlisha NSSF ya Sh6,480, tayari ametumia Sh16,480 kati ya Sh30,000. Amebakiza Sh13,520. Alikuja kwangu akitaka kuweka Sh15,000, kwa kuwa ajenti alimwambia ana nafasi ya elfu thelathini. Sh13,520 za kwanza zingemwokolea Sh4,056 kila mwezi. Sh1,480 za mwisho zingeingia bila nafuu na kufungwa pamoja na zile nyingine. Tulipunguza kiasi, ajenti akanuna kidogo, maisha yakaendelea.

Pensheni ya kibinafsi na bima ya maisha

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu vyote viwili huuzwa na ajenti yuleyule, kwa tabasamu lilelile. Lakini kodi inavichukulia kwa njia mbili tofauti kabisa.

Mchango wa pensheni unatolewa kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa. Kwa hivyo thamani yake ni kiwango chako cha juu: asilimia 30 kwa mtu wa Sh60,000, asilimia 35 kwa yule mkubwa wa zaidi ya Sh800,000. Malipo ya bima ya maisha, au ya bima ya elimu ya mtoto yenye muda usiopungua miaka 10, hayapunguzi mapato yako. Kodi inahesabiwa kama kawaida, halafu unarudishiwa asilimia 15 ya ulicholipa, isizidi Sh5,000 kwa mwezi. Asilimia 15 hiyo ni ileile kwa mkubwa na mdogo.

Elfu tano za mtu wa Sh60,000, zikiingia kwenye pensheni zinaokoa Sh1,500. Zikiingia kwenye bima zinaokoa Sh750. Kwa kodi peke yake, pensheni inashinda mara mbili. Na kufikia ule upeo wa nafuu ya Sh5,000, unatakiwa kulipa bima ya zaidi ya Sh33,000 kwa mwezi, kiasi ambacho sijakiona kwenye hati nyingi za mshahara.

Hata hivyo, siwezi kusema bima haina maana. Ukifa mwaka wa pili, pensheni inawapa watu wako ulichoweka pamoja na faida yake, basi. Bima inawapa kiasi mlichoandikiana. Kama una watoto wadogo na hakuna mshahara mwingine nyumbani, bima inafanya kazi ambayo pensheni haiwezi kuifanya. Ninachokipinga ni kununua bima ya akiba ya miaka 15 kwa sababu ya kodi. Ukishindwa kulipa mwaka wa tatu, unachorudishiwa ni kidogo sana kuliko ulichotoa, na wakati mwingine hakuna kitu. Pensheni ya kibinafsi ina ungwana kidogo hapo: mwezi huna, huweki, na ulizoweka zinaendelea kupata faida.

Pensheni na MMF

Mfuko wa soko la fedha, ule ambao kila mtu siku hizi anauita MMF, umekuwa kipenzi cha vijana ofisini. Una haki ya kupendwa. Unaanza na kiasi kidogo, unaona riba ikiingia kila siku kwenye simu, na ukizitaka pesa unazipata ndani ya siku chache. Kwa upande wa kodi, lakini, hakuna nafuu unapoweka, na riba inakatwa asilimia 15 kabla haijakufikia. Mpango wa pensheni uliosajiliwa haulipi kodi ya mapato kwa faida ya uwekezaji wake. Faida yote inabaki ndani, inazaa nyingine.

Tofauti hii mwaka wa kwanza ni ndogo, wala huioni. Ioneni kwa miaka 20. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba pande zote mbili zinapata asilimia 10 kwa mwaka kabla ya kodi. Mtu wetu wa Sh60,000 yuko tayari kupungukiwa na Sh3,500 mkononi kila mwezi. Kwenye pensheni hizo zinakuwa Sh5,000, kwa mwaka Sh60,000, na baada ya miaka 20 zinafika kama Sh3.44 milioni. Kwenye MMF anaweka Sh3,500 zake, kwa mwaka Sh42,000, zinakua kwa asilimia 8.5 baada ya kodi, na anafika kama Sh2.03 milioni. Mkono uliumia sawa pande zote mbili, lakini mwisho wake unapishana kwa Sh1.4 milioni. Ada za usimamizi zitapunguza kote kuwili, kwa hiyo ziulizeni kabla ya kutia sahihi. Asilimia mbili ya ada kila mwaka kwa miaka 20 si mchezo.

Mbona basi nisimwambie kila mtu aache MMF? Kwa sababu MMF ni ya kesho na pensheni ni ya uzeeni. Karo ya Januari haitoki kwenye pensheni. Mtu anayeweka pesa zote kwenye pensheni, kisha miezi sita baadaye anakopa kwa simu kwa riba ya kuumiza, ameokoa asilimia 30 ili akalipe zaidi ya hizo mahali pengine.

Hatifungani na sacco

Hatifungani za miundombinu, yaani mikopo unayoipa serikali kwa riba, zina jambo moja la kipekee: riba yake haitozwi kodi. Ile ya Februari 2024, ya miaka minane na nusu, ilitoka na riba ya asilimia 18.46, na hadi leo waliokosa hawajisamehi. Hatifungani za kawaida hukatwa asilimia 15 ya riba, au 10 zikiwa za miaka 10 na kuendelea. Shida kwa mtu wa elfu tano ni mlango wa kuingilia. Kununua hatifungani ya miundombinu moja kwa moja kutoka Benki Kuu, kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa DhowCSD, kunahitaji angalau Sh100,000. Na pesa unazonunulia zimeshakatwa kodi. Ni mahali pazuri pa kupeleka kile kinachozidi kikomo chako cha pensheni, kama wewe ni yule mtu wa Sh200,000.

Sacco nayo ina sifa ambayo hakuna mpango mwingine unaoifikia: mkopo wa mara tatu ya akiba. Nafuu ya kodi unapoweka, hakuna. Lakini Mkenya haweki sacco kwa sababu ya kodi, anaweka ili akope anunue ploti. Pensheni huwezi kuikopea hivyo. Kuna mlango mmoja tu, wa nyumba: tangu 2020 kanuni zinamruhusu mwanachama kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake ya pensheni, isizidi Sh7 milioni, kununua nyumba ya kuishi. Pia anaweza kuweka hadi asilimia 60 kama dhamana ya mkopo wa nyumba.

Kwa wenye haraka, hivi ndivyo elfu tano za mtu wa Sh60,000 zinavyoonekana zikiwekwa bega kwa bega:

| Unapoweka | Kodi unayookoa mwezi huo | Faida ikikua | Ukizitaka kesho |
|---|---|---|---|
| Pensheni ya kibinafsi | Sh1,500 | haitozwi kodi ndani ya mfuko | zimefungwa, na ukizitoa mapema zinatozwa kodi |
| Bima ya maisha au elimu | Sh750 | kulingana na mkataba | unapata pungufu ya ulichotoa |
| MMF | hakuna | riba inakatwa asilimia 15 | siku chache |
| Hatifungani ya miundombinu | hakuna | riba haitozwi kodi | unauza sokoni kwa bei ya siku hiyo |
| Sacco | hakuna | inategemea gawio la mwaka | unakopa, au unajiondoa kwa notisi |

Kufuli na ufunguo wake

Nafuu ya kodi si zawadi. Serikali inakulipa ili usiziguse pesa zako. Zamani hata ukistaafu kodi ilikuwa inakungoja mlangoni: kiasi fulani kilisamehewa, kinachozidi kikakatwa. Sheria ile ya Desemba 2024 ilibadilisha jambo hili kwa namna ambayo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko kupandishwa kwa kikomo, ingawa matangazo hayalitaji sana. Sasa mafao ya kustaafu hayatozwi kodi ya mapato ikiwa umefika umri wa kustaafu unaotajwa kwenye kanuni za mpango wako, au umelazimika kutoka mapema kwa sababu ya ugonjwa, au umetimiza miaka 20 tangu uliposajiliwa kuwa mwanachama.

Soma hilo la mwisho mara mbili. Miaka 20 inahesabiwa kutoka siku ya kusajiliwa, si siku uliyoanza kuweka pesa za maana. Kijana wa miaka 25 anayejiunga leo kwa Sh1,000 kwa mwezi ameshawasha saa yake. Akifika 45, saa imefika. Yule anayengoja mshahara uwe mkubwa, akajiunga na miaka 40, kwake kipengele hiki ni cha watu wengine.

Ukitoa kabla ya hapo bila ugonjwa, kodi inakufuata. Umepewa asilimia 30 ukiingia, unaweza kuirudisha ukitoka. Kwa hiyo kama unajijua wewe ni wa kubomoa kibubu kila baada ya miaka mitatu, hesabu ya Sh3.44 milioni si yako, na heri ukae na MMF kwa amani.

Kufuli hilo lina upande mzuri ambao wafanyabiashara wanaupenda. Chini ya Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997, akiba iliyo ndani ya mpango uliosajiliwa imekingwa dhidi ya wadai. Biashara ikianguka, anayekudai hawezi kuichukua. Na ukifa, wasimamizi wanalipa wale uliowaandika kwenye fomu ya uteuzi, bila kungoja kesi ya mirathi. Ndiyo maana nawasihi watu waipitie hiyo fomu kila wanapooa, wanapoachana au wanapozaa. Nimeona fomu za mabwana wenye wajukuu bado zina jina la mama mzazi peke yake.

Kama mwajiri ana mpango, anza huko

Kabla hujafungua pensheni ya kibinafsi, uliza kama mpango wa mwajiri unakubali mchango wa hiari wa ziada. Nafuu ya kodi ni ileile. Ada mara nyingi huwa nafuu kwa sababu mko wengi, na makato yanapita kwenye mshahara kabla kodi haijapigwa, bila wewe kukimbizana na karatasi. Na kama mwajiri anaongeza chake kila unapoongeza chako, hapo hakuna cha kulinganisha. Chukua chote anachokupa kwanza.

Pensheni ya kibinafsi inashinda pale unapobadilisha kazi kila miaka miwili, unapofanya kazi za mkataba, au mwajiri anapokuwa na NSSF tu. Inakufuata wewe, haimfuati bosi.

Kuna kingine ambacho ni wachache wanaokiulizia: mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu. Mchango wake, hadi Sh15,000 kwa mwezi, unatolewa kabla ya kodi na una kikomo chake wenyewe, mbali na zile Sh30,000. Aliyejaza nafasi ya pensheni bado ana mlango huu. Kwa mtu wa asilimia 30 anayeujaza wote, ni Sh4,500 zaidi za kodi kila mwezi. Vilevile riba ya mkopo wa nyumba unayoishi, hadi Sh30,000 kwa mwezi, inahesabiwa peke yake. Hivi viwili ni vya wenye mishahara mirefu, sina haja ya kukaa hapo.

Pensheni au providenti?

Mipango ya kibinafsi iko ya aina mbili, na wengi hujaza fomu bila kujua wamechagua ipi. Ya pensheni, ukistaafu, inakupa theluthi moja kwa mkupuo, na theluthi mbili zinakuwa malipo ya kila mwezi, ama ununue kwa kampuni ya bima ama uzitoe kidogo kidogo. Ya providenti inakupa zote siku hiyohiyo. Unapochanga, nafuu ya kodi ni sawa kabisa. Tofauti ni wewe unavyojijua na pesa nyingi mkononi. Mimi nilichagua ya pensheni, na mke wangu akanicheka kwamba nimejiwekea bosi hata uzeeni. Hakukosea sana.

Halafu kuna mfuko wenye dhamana, ambapo kampuni ya bima inakuhakikishia kwamba mtaji haupungui na inatangaza faida kila mwaka, na kuna ule usio na dhamana unaopanda na kushuka na soko. Ukiwa na miaka 30 mbele yako, soko halikutishi sana. Ukiwa na minne, dhamana ina maana. Kwa vyovyote, hakikisha mpango umesajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia mafao ya kustaafu, na kwamba mtunza pesa na msimamizi wa uwekezaji ni kampuni mbili tofauti.

Mwenye duka asikurupuke

Sehemu hii naiandika kwa sababu nimeona watu wakiuziwa kitu ambacho hakiwafai. Kama una biashara inayolipa kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3 kwa wenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, kodi hiyo inapigwa kwenye mauzo yote. Hakuna gharama inayotolewa, na mchango wa pensheni hautolewi. Mauzo yakiwa Sh3 milioni, unalipa Sh90,000, uwe umechanga pensheni au hujachanga. Ni vivyo hivyo kwa mwenye nyumba za kupangisha anayelipa asilimia 7.5 ya pango analokusanya, kiwango kilichoanza Januari 2024.

Akiba ya uzeeni bado unaihitaji, pengine kuliko aliyeajiriwa, maana wewe huna mwajiri wa kukuchangia. Ila usidanganywe kwamba unaokoa asilimia 30. Huokoi kitu unapoingia. Faida yako ni ule uwekezaji usiotozwa kodi, kinga dhidi ya wadai, na kutotozwa unapostaafu. Yule anayetozwa kwa mafungu ya kawaida, kwa mfano mtaalamu anayejiajiri na kuonyesha gharama zake kwenye vitabu, yeye anapata nafuu kamili, naye huidai kwenye ritani ya mwaka kabla ya tarehe 30 Juni.

Mwenye mapato yasiyotabirika ana bahati moja. Kikomo cha mwaka ni Sh360,000, na mwaka wa kodi ni Januari hadi Desemba. Wakili au fundi aliyepata kazi kubwa Oktoba anaweza kuweka mkupuo mmoja Desemba na kuudai mwaka huohuo. Ukiweka tarehe 2 Januari, umehesabiwa mwaka mwingine.

Kwa aliyeajiriwa, usingoje ritani. Ukishajiunga, mletee mtu wa mishahara barua ya kuidhinisha makato, jina la mpango na namba yako ya uanachama. Tangu Julai 2025 mwajiri anatakiwa kukuhesabia nafuu zote zinazokustahili anapokokotoa PAYE, kwa hiyo usiogope kuonekana msumbufu. Mwezi unaofuata fungua hati yako ya mshahara, uone kama mchango umekaa juu ya mstari wa mapato ya kutozwa kodi au chini yake. Ukiwa chini, umekatwa pesa zilizokwisha kutozwa kodi na hujapata nafuu yoyote. Rudi ofisini siku hiyohiyo, kabla mishahara ya mwezi unaofuata haijafungwa. Kwetu inafungwa tarehe 18.